Barua kwa mwanangu: unga wa uwele hausubiri

Mwanangu mpenzi,

Mbukwenyi nyote hapo Dar es Salaam. Sisi huku Hombolo tu wazima. Mvua zimekatika, nyasi za njiani zimeanza kubadilika rangi, na asubuhi nikienda kuteka maji nalazimika kujifunga khanga mbili kwa ajili ya upepo.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema ulipika ugali wa uwele na mlenda siku ya Pasaka, ukafuata kila nilichokufundisha, lakini ugali ukawa mchungu, mkwe wangu akala matonge mawili na watoto wakaomba wali. Ukauliza: "Mama, ni maji ya huku, ni gesi, au ni mkono wangu?" Hapo kwenye mkono niliumia, maana nakujua. Hilo swali ulikaa nalo siku nyingi kabla ya kuliandika.

Mkono wako hauna kosa. Kosa ni langu, mimi niliyekutumia unga.

Punje ya uwele ni ndogo, lakini kiini chake ni kikubwa na kina mafuta mengi kuliko cha mtama. Ikiwa nzima na kavu, inakaa kwenye kihenge hata miaka bila kubadilika. Ukishaisaga, yale mafuta yanakutana na hewa, na siku chache tu, hasa wakati wa joto, unga unachacha na kuwa mchungu. Bibi yako alikuwa anasaga kwenye jiwe kila jioni, unga wa kutosha chakula cha siku hiyo basi. Nilipokuwa msichana nilimwona anajitesa. Kwa nini asisage wa wiki nzima akapumzika? Hakuwahi kunieleza habari za mafuta na hewa. Alinipa tu kijiko cha unga uliolala siku nyingi, nikauonja, nikanyamaza.

Pamoja na kuyajua hayo yote, mwezi wa pili nilikusagia kilo 5 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nilitaka kukupunguzia kazi. Jua la hapa mwezi huo unalifahamu. Mzigo ukalala stendi siku tatu, nawe ukauweka kabatini ukisubiri sikukuu. Pale hata mimi ningepika, mngeomba wali vilevile.

Karanga nazo zina tabia hiyohiyo. Zile nilizotwanga nikakufungia kwenye kopo, bila shaka nazo zilikuwa zimekwisha kupoteza harufu yake. Mlenda peke yake ndio mvumilivu. Tunauchuma mvua zikiwa bado zipo, tunauanika juu ya mwamba mpaka unavunjika mkononi, tunautwanga, na ukiwekwa pakavu unatuvusha mwaka mzima. Mama yangu hakuacha hata mwaka mmoja bila kujaza vibuyu vyake vya ilende, huo mlenda mkavu, hata tulipovuna vizuri. Yeye alilelewa na watu walioiona Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita vya wazungu yalipochukua ng'ombe na nafaka na kuwafanya wanaume wapagazi, kisha mvua ikakosekana juu yake. Kwake kibuyu kitupu kilikuwa kitu cha kutisha.

Maji na gesi? Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi na ulimi wako ulikua nayo, hilo linachangia kidogo. Gesi haina neno.

Sasa nikueleze kilichopo hapa leo, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu.

Asubuhi nimeng'oa karanga za mistari miwili kule bondeni. Shina linatoka na udongo wake, unalikung'uta pajani, maganda yananing'inia yakiwa bado meupe na mororo. Nimeziosha mara mbili, nikazitia sufuriani na maganda yake, maji na chumvi, nikaziacha zitokote polepole zaidi ya saa nzima. Ukibana ganda kwa vidole, maji ya chumvi yanaruka mpaka kwenye kiwiko, na ndani karanga ni laini kama harage lililoiva, ngozi yake ya rangi ya waridi inateleza yenyewe. Karanga ya namna hiyo unaipata wiki hizi tu. Ikishakauka, hata uichemshe siku nzima, hairudi pale.

Maboga nayo yamekomaa. Lile la kwanza nimelikata vipande, nikavipanga ganda likiwa chini, maji kikombe kimoja tu, nikafunika kwa majani ya boga kabla ya kuweka mfuniko. Baba yako alikula limekolea utamu hata hakutaka chai. Kunde mbichi zimebaki chache, nilizipika jana na mahindi ya mwisho mwisho. Na maziwa yapo, mwanangu. Ng'ombe bado wanapata majani, kibuyu cha maziwa ya mgando kinajaa kila siku ya tatu. Ungekuja mwezi wa kumi ungekikuta kimetundikwa ukutani kikavu.

Uwele wenyewe bado kidogo. Masuke yamejaa na yanazidi kuwa magumu, lakini vijana wangali wanaamia ndege kuanzia alfajiri, wanapiga madebe na kurusha mawe kwa teo, maana kundi moja la kweleakwelea likitua, shamba la miezi minne linakwisha kabla jua halijapanda. Nami huwa naenda kukaa dunguni mchana ili nao wakale. Tukimaliza kuvuna tutaanika kichanjani, tutapura, tutapepeta. Kazi ya kupura inawasha mwili mzima, sikufichi, lakini unga wa uwele uliopurwa wiki hiyohiyo una harufu tamu inayojaza nyumba maji yakiwa ndiyo kwanza yanaupokea.

Ndiyo maana nakuomba msije Desemba. Kila mwaka mnakuja Desemba kwa sababu ya sikukuu, nami nafurahi, lakini mnanikuta na jembe mkononi na kihenge kimeshuka, nakimbilia dukani kununua mchele na unga wa sembe ili wageni wangu wasilale njaa. Wajukuu wangu wanadhani chakula cha kwa bibi ni wali wa dukani na kuku. Shule zikifungwa mwezi wa sita, waleteni. Treni ya umeme inawafikisha Dodoma kwa saa 4 hivi, na kutoka mjini daladala za huku zipo mpaka jioni. Mkubwa ana miaka tisa sasa. Umri huo wewe ulikuwa unajua kupepeta bila kumwaga. Nataka nimshikishe ungo mwenyewe.

Zabibu mtazikosa, niseme ukweli. Mavuno ya kwanza yamekwisha, mengine ni mwezi wa nane na wa tisa. Ubuyu utakuwa umeanza kudondoka.

Kama likizo haitapatikana, basi fanya hivi. Nitakutumia punje, siyo unga. Mashine ya kusaga haikosekani mtaani kwenu. Peleka kilo 1 tu, na mwombe msagaji aanze na yako kabla kinu hakijapata moto, kisha upike siku hiyo au kesho yake. Unga ukibaki, uweke kwenye friji na umalize ndani ya wiki. Karanga zikaange na kuzitwanga saa ileile unayobandika maji. Maji yakichemka, tia magadi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, nyunyiza mlenda huku upekecho ukizunguka, na usifunike, utafurika. Karanga ziingie mwishoni. Bamia usiweke, najua huko wanaweka, lakini zinaufunika mlenda wetu.

Mwambie mkwe wangu simlaumu kwa kuomba wali. Ila ale tena kabla hajaamua.

Upekecho wako wa zamani nimeuona juu ya dari nikitafuta kamba. Umeliwa na wadudu kwenye mpini, kwa hiyo baba yako anakuchongea mwingine. Niambie tu kama utaufuata mwenyewe mwezi wa sita au niufunge pamoja na punje.

Mama yako,
Hombolo