Bendera ya Mzamiaji: Kwa Wanaoanza Kazi Kwenye Boti za Mikindani na Msimbati

Ukipata kazi kwenye boti inayopeleka wazamiaji, iwe Mikindani au Msimbati huku Mtwara, utakabidhiwa kamba ya nanga na bendera. Kamba utaizoea upesi. Bendera inataka akili zaidi, maana ukishaipandisha inategemea aelewe mtu mwingine: nahodha wa boti ya faiba anayepita na haraka zake, asiyejua kama kuna mtu chini. Kwa hiyo naandika kwa pande zote mbili, wewe mdogo wangu unayejifunza kuzamia na wewe unayeshika usukani.

Bendera zenyewe ni mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, unaoanzia kona ya juu upande wa mlingoti na kushuka mpaka kona ya chini upande wa pili. Ilibuniwa Marekani mwaka 1956 na Denzel Dockery. Hiyo inamsemea mtu: hapa chini kuna mzamiaji. Ya pili ni bendera A ya alama za kimataifa za baharini, nyeupe upande wa mlingoti, buluu upande wa nje, na mwisho wake umekatwa kama mkia wa mbayuwayu. Hiyo inakisemea chombo: nina mzamiaji majini, siwezi kukupisha, kaa mbali na uende polepole. Kanuni ya 27 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inakitaka chombo kidogo chenye shughuli za uzamiaji kionyeshe bendera A ya kitu kigumu, yenye kimo kisichopungua mita 1, ionekane pande zote. Usiku ni taa tatu zilizopangana wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Kitambaa cha ukubwa wa leso kilichofungwa kwenye nguzo ya turubai hakitimizi kanuni hiyo hata kidogo. Mimi nasema ziwekwe zote mbili, kwa sababu wakati mwingine mtu na chombo wako mahali tofauti.

Kuhusu umbali, sheria ya jimbo la Florida ni mfano mzuri wa kujifunzia, maana imetaja vipimo. Bahari ikiwa wazi, chombo kinachokaribia bendera ndani ya futi 300, kama mita 91, lazima kipunguze hadi mwendo wa kusogea tu. Kwenye mito na njia nyembamba ni futi 100, kama mita 30. Mzamiaji naye anatakiwa ajitahidi kubaki ndani ya umbali huohuo kutoka kwenye bendera yake. Bendera ya kwenye boti isipungue kama sentimita 50 kwa 60, ya kwenye boya isipungue 30 kwa 30, na iwe na waya au kijiti cha kuitanua. Hapa kwetu utaona maana ya waya huo mwezi Machi, upepo ukilala kabla ya kusi kuanza: bendera isiyo na waya inaning'inia kama kanga iliyoanikwa, na aliye mbali haoni rangi wala mstari. Kwenye bahari ya wazi nakushauri ushike mita 100, ni hesabu rahisi kukumbuka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya mafunzo. Pwani yetu imejaa bendera. Boti za wavuvi hupeperusha za Simba na Yanga, na bendera nyekundu yenye weupe, ukiiona kutoka mbali, ni ya Simba tu. Maboya ya nyavu na ya madema nayo yana vibendera, mara kitambaa chekundu, mara mfuko mweusi. Mvuvi akiona kibendera juu ya boya anajua kuna wavu, atauzunguka kwa mita chache asije akanasa panga la injini, kisha ataendelea na safari. Hajakosea kwa anachokijua. Lakini mita chache hizo ndipo kichwa cha mzamiaji kinapoibukia.

Ndiyo maana kazi ya bendera inaanzia ufukweni. Kabla ya kuanza kuzamisha watu sehemu mpya, nenda kwa wavuvi wanaoitumia. Waamkie wazee, waone viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wao, ikunjue bendera mbele yao waishike. Waambie: ukiiona hii, chini kuna mtu, si wavu, na anaweza kuwa popote hapa kuzunguka. Waulize wanapita wapi maji yakijaa na wapi yakipwa. Maswali hayo yatakuokolea mengi, na utakuta wengi wana ndugu wanaozamia pweza kwa miwani tu bila bendera yoyote, kwa hiyo hatari wanaijua vizuri.

Wewe mzamiaji, usiyaamini masikio yako. Sauti majini inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo inafika masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Utasikia injini inaunguruma na usijue inatoka mbele au nyuma. Dau na ngalawa zinazokwenda kwa tanga hutazisikia kabisa, na dau lililobeba mzigo, upepo ukiwa nyuma yake, halisimami kwa sababu umenyoosha mkono. Kwa hiyo pandia karibu na bendera. Simama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika tatu, tazama juu, geuka mzunguko mzima, kisha panda taratibu mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa. Ukiwa mbali na boti, lijaze hewa boya refu la rangi ya chungwa, lile la kuonyesha unapoibukia, ukiwa bado chini, litokeze kabla yako.

Mnazi Bay, ghuba ya pale Msimbati, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo hauna mzaha. Boti ikitia nanga na wazamiaji wakachukuliwa na maji, baada ya muda mfupi bendera inalinda mahali pasipo na mtu. Siku za namna hiyo kiongozi aburute boya lenye bendera, na boti iwafuate bila nanga, ikikaa upande ambao vyombo vinatokea. Kamba ya boya ishikwe mkononi, isifungwe mwilini: chombo kikiinasa, unaiachia.

Mtu wa mwisho akipanda, shusha bendera palepale, kabla ya kuwasha injini ya kurudi. Boti inayokwenda mbio Mikindani na bendera juu inawafundisha wavuvi kwamba kitambaa kile ni pambo. Hili naliona mara nyingi mno, na linaniudhi kuliko bendera iliyochakaa.

Nahodha unayepita, ukiiona, punguza mwendo mapema, pita mbali, na umpe mtu mmoja kazi ya kutazama viputo vya pumzi za wazamiaji. Viputo vikitokea mbele yako, weka nyutro, subiri ujue vinaelekea wapi. Usisogee kuuliza wamepata nini.

Na wewe uliyebaki juu wakati wenzako wako chini, usilale wala usishike simu. Chombo kikija moja kwa moja, simama, punga mikono yote miwili, piga kelele. Gonga ngazi ya chuma iliyo majini kwa mpigo mliokubaliana, walio chini wajue wasipande. Kama boti haina nanga na unaona viputo vilipo, iweke kati ya viputo na anayekuja. Akishapita, usimtukane. Jioni mtafute ufukweni, muulize alikuwa anawahi nini na hupita pale saa ngapi za maji, kisha panga safari yako inayofuata kwa kuzingatia saa hizo.