Kirudi kama kiliacha kazi haijaisha

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kipindi cha hali halisi kikishafutwa, chaneli za kebo, zile za kulipia, zina sababu gani ya kukifufua? Wengi watajibu pesa, na kweli jina linalojulikana tayari halihitaji matangazo mengi. Mimi huuliza kwanza kama kipindi kiliacha kazi yoyote haijakamilika.

MythBusters, kwa mfano, kile cha kupima kwa majaribio imani zinazosemwa na watu, kilimalizika chaneli ya Discovery mwaka 2016. Mwaka uliofuata Science Channel wakaendesha shindano la kutafuta warithi wa watangazaji wake, Adam Savage na Jamie Hyneman, wakapatikana Jon Lung na Brian Louden. Vijana walijitahidi na milipuko haikupungua, lakini watu walikuwa wanawafuata wale wazee wawili waliokiri wenyewe kwamba si marafiki, wakibishana karakana moja miaka nenda rudi. Toleo jipya halikudumu.

Unsolved Mysteries, kipindi cha visa ambavyo havijapata ufumbuzi, ni habari nyingine kabisa. NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, walikianzisha 1987 kwa vipindi maalumu, wakakiacha 1997. Wenzao CBS wakakiokota, nao wakakitema 1999. Kebo ndiyo iliyokifufua: Lifetime mwaka 2001, kisha Spike 2008. Wakati huo mtangazaji wake Robert Stack, yule mzee wa koti refu na sauti ya kusisimua mwili, alishafariki, akawekwa Dennis Farina. Sehemu kubwa ya walichorusha Spike ilikuwa visa vya zamani vilivyokatwa na kupangwa upya. Kiporo, nakubali, ila kilikuwa bado kinalika. Visa vingi vilikuwa na mtu aliyepotea au muuaji anayesakwa, na chini ya skrini namba ya simu ya bure. Mtoto aliyelala wakati kisa kinaonyeshwa mara ya kwanza sasa ni mtu mzima, na pengine mpangaji mwenzake ndiye huyo anayetafutwa. Kesi ikiwa imeshapata ufumbuzi, mwishoni inaongezwa taarifa mpya: amekamatwa, amefungwa, ndugu wameonana. Hapo nakaa mpaka mwisho hata kama kisa nakijua.

America's Most Wanted, kipindi cha kusaka wahalifu kilichotangazwa na John Walsh, nacho ni hivyohivyo. Fox walipokifuta 1996, polisi na watazamaji walipiga kelele hadi kikarudishwa msimu uleule. Kilipofutwa tena 2011, Lifetime wakakichukua.

Sharti langu kwa chaneli yoyote inayofufua vipindi vya aina hii ni moja: kabla ya kurusha kisa cha zamani, wapige simu kituo cha polisi husika waulize kesi imefikia wapi, na tarehe ya kurekodiwa iandikwe kwenye skrini. Mtu aliyeachiwa huru na mahakama asirudishwe hewani kama mtuhumiwa eti kwa sababu mkanda wake ulikuwepo stoo na haukugharimu kitu.

Msomaji wenu, Tanga