Kabla Hujaandika Nadharia ya Mwanga na Giza, Nisikilize

Juzi usiku kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeandika nadharia yangu kuhusu Solaire wa Astora, yule shujaa wa gemu ya Dark Souls, wenzangu wamenicheka mpaka basi. Niache?" Usingizi ulikata. Solaire huyohuyo ndiye aliyenivunja moyo na mimi, na kidonda kile nilidhani kimepona.

Dark Souls ilitoka 2011. Haikusimulii hadithi yake yote; nyingine unaiokota kwenye maelezo ya vitu unavyovipata, ndiyo maana tunaandika nadharia. Mimi niliikuta 2013 nyumbani kwa binamu yangu, Tanga. Wiki za mwanzo sina cha kukusimulia: nilikufa, nikarudi, nikafa tena, kama wewe. Kilichonishika ni ile hadithi ya ufunguzi. Dunia ilikuwa ya kijivu, ukungu mtupu, miti mikubwa kupita kiasi na madragoni wasiokufa. Kisha ukawaka Moto, na Moto ukaleta tofauti: joto na baridi, uhai na mauti, mwanga na giza. Ndani ya mwali ule waliokota roho zao Nito, Mchawi wa Izalith, Gwyn bwana wa mwanga wa jua, na mbilikimo mmoja ambaye msimuliaji anampitia haraka, akisema ni rahisi kumsahau. Gwyn na wenzake wakawaangamiza madragoni. Moto ulipoanza kufifia, Gwyn akajitia humo mwenyewe akawa kuni. Sasa unaambiwa ufuate nyayo zake.

Kama unasoma haya, najua unachokitaka, maana nami nakitaka: siku moja uone kitu ambacho mamilioni wamekipita bila kukiona, na jina lako libaki hapo.

Kitu changu kilikuwa Solaire. Yule shujaa anayesimama ukingoni mwa daraja akilitazama jua kama mtoto anayemsubiri mama yake atoke sokoni. Gemu inasema Gwyn alikuwa na mzaliwa wa kwanza, mungu wa vita, aliyevuliwa uungu na sanamu yake ikaondolewa. Nikaunganisha: Solaire ndiye, kasahau tu. Wapo wengine ulimwenguni waliofikiri hivyo, lakini mimi sikuwa nimewasoma. Niliandika kurasa 11 za daftari kwa Kiswahili na kuzisoma kwa sauti kwenye banda la gemu tulilokuwa tunakutana. Watu walinyamaza. Mpaka leo nausikia ule ukimya.

Rafiki yangu mmoja aliniomba lile daftari "alipitie." Baada ya miezi miwili nikaikuta nadharia nzima mtandaoni, kwa Kiingereza, chini ya jina lake, na mpaka mfano wangu wa mtoto wa sokoni umo. Nilipomuuliza alisema, "Kwani wewe ungeiandika kwa Kiingereza gani?" Sikumjibu. Sijamjibu hadi leo.

Mwaka 2016 Dark Souls III ikatoka. Kule juu kwenye kilele cha madragoni yupo Mfalme Asiye na Jina, juu ya kiumbe mwenye mabawa, radi mkononi, mungu wa vita wa zamani aliyetoa kila kitu ili awe upande wa madragoni. Mzaliwa wa kwanza huyo hapo. Kurasa zangu 11 zikafa siku moja. Na rafiki yule, aliyekwisha kufuta chapisho lake, alinitumia picha ya yule mfalme bila neno lolote.

Lililoniuma zaidi niligundua baadaye. Nilirudi kwenye gemu ya kwanza, nikasoma maelezo ya kofia ya chuma ya Solaire. Yanasema imetengenezwa vizuri na kutunzwa, lakini haina nguvu yoyote ya pekee. Uhodari wake umetokana na mazoezi yake mwenyewe na si kitu kingine. Maneno hayo yalikuwepo tangu 2011. Nilikuwa nimeyasoma. Niliyapita kwa sababu hayakunifaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu: tafuta kofia yako. Kila nadharia ina sentensi moja mahali fulani inayoikataa. Itafute wewe kabla hawajaitafuta wenzako.

Ushauri wa pili ndio moyo wa makala hii: muulize msimuliaji anapata nini. Ukifika Anor Londo, mji wa miungu, jua linang'aa kwenye marumaru na Gwynevere, binti wa Gwyn, anakupokea na kukupa chombo na kazi. Kila kitu kinakuambia uko salama. Mpige mshale mmoja. Anayeyuka, jua linazimika, mji mzima unageuka usiku. Hakuwepo. Binti halisi alishaondoka zamani na miungu wengine wengi na kuolewa na Flann, mungu wa moto. Mwanga ule wote ulikuwa kiini macho cha ndugu yake Gwyndolin, na Gwyndolin amelelewa kwa nguvu za mwezi. Usiku niliporusha mshale ule niliweka padi chini na kukaa kimya muda mrefu.

Kisha likanijia neno la bibi yangu. Kwa Kiswahili, mwanga ni nuru. Na mwanga ni yule mchawi anayewanga usiku, anayezunguka nyumba za watu wamelala. Neno moja. Bibi aliposema "mwanga kapita hapa" hakuna mtoto aliyetoka nje. Nikamwangalia Gwyn upya, kwa maana zote mbili. Nikamkumbuka Solaire, ambaye usipomwokoa analipata jua lake mwishoni kule Izalith: mdudu anayetoa nuru amemkaa kichwani, naye anarukwa na akili akiamini hatimaye ameona mwanga.

Mwaka 2015 nikaandika nadharia yangu ya pili, safari hii mwenyewe na kwa jina langu. Nilisema ile Alama ya Giza wanayobeba wafu-hai, yaani wanadamu waliolaaniwa wasife, duara la moto lenye weusi katikati, ni kufuli. Giza ni mali ya wanadamu, urithi kutoka kwa yule mbilikimo, na Gwyn aliwafunga kwa moto kwa sababu aliwaogopa. Waliosoma hawakufika ishirini. Mmoja aliniambia nimechanganyikiwa na uchawi wa kwetu.

Mwaka 2017 ikaja nyongeza ya mwisho ya gemu ya tatu, The Ringed City. Ukisoma maelezo ya mavazi ya mashujaa wa mji ule, unaambiwa kuwa silaha za wanadamu wa kale zilifuliwa katika Kuzimu ya giza, na kwa hiyo miungu ikazipiga muhuri wa moto, pamoja na waliokuwa nazo. Niliyasoma mara nne nikiwa nimesimama. Nilitaka kumpigia simu mtu. Nilimpigia binamu, akasema "hongera" akarudi kulala.

Usidhani nakuambia ulipende giza. Watu wengi wakishagundua uongo wa mwanga wanakimbilia upande wa pili kichwa kichwa, na hapo ndipo nadharia nyingi zinaharibika. Kwenye gemu ya kwanza nyoka wa kale wako wawili. Frampt anakutaka uwashe Moto. Kaathe anakuambia Gwyn aliipinga njia ya asili na kuificha historia yenu. Maneno ya Kaathe ni matamu. Lakini ni yeye aliyewaponza wafalme wanne wa New Londo, na mji ule ukafurikishwa maji na watu wake wakiwa ndani ili giza lisitoke. Kila nyoka ana lake. Msikilize mmoja kama unavyomsikiliza mwenzake.

Na hata mtungaji wa gemu msikilize hivyo hivyo. Hidetaka Miyazaki aliwahi kusema angechagua kuanza gemu na kidani, zawadi isiyo na kazi yoyote, watu wakahangaika kutafuta siri yake, kumbe, kama alivyokuja kukiri, alikuwa akiwatania. Shika yaliyomo ndani ya gemu. Soma maelezo ya pete, ya kofia, ya upanga uliovunjika. Soma tena. Na andika kwa lugha unayoiotea ndoto, kwa sababu lile neno lililonifungulia mlango lisingenijia kwa lugha nyingine.

Watakucheka. Wacha wacheke. Wanaocheka hawajaandika kurasa 11 za kitu chochote.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, kwa kirefu kuliko hapa, nikamwomba anitumie nadharia yake. Jana jioni alijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, nimeisoma kofia. Naanza upya."