Barua kwa mwanangu aliyechoka kuchekesha

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: "Mama, kila mchezo napewa mtu wa kuchekesha, na ninayoandika mwenyewe nayo ni vichekesho. Watu hawatanidharau? Nisihamie tanzia, michezo ya huzuni?" Nitakujibu kwa habari za Molière, Mfaransa aliyetunga na kuigiza vichekesho, maana naye jambo hilo lilimsumbua.

Jina lake hasa ni Jean-Baptiste Poquelin, mzaliwa wa Paris, aliyebatizwa Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa samani na mapambo ya mfalme, na kijana alitarajiwa kuirithi kazi hiyo. Akaiacha. Mwaka 1643 alianzisha kikundi na Madeleine Béjart pamoja na wenzao, wakang'ang'ania tanzia, watazamaji wakawakimbia. Miaka miwili baadaye akatiwa ndani kwa madeni, likiwamo la mishumaa. Jukwaa liliangazwa kwa mishumaa, na mishumaa haijali waliokuja ni kumi au mia. (Nyinyi mnaolalamikia kodi ya ukumbi mtanielewa.) Kisha akazunguka mikoani miaka kama 13.

Tarehe 24 Oktoba 1658 waliigiza Louvre, jumba la kifalme la Paris, mbele ya Mfalme Louis wa 14. Walianza na Nicomède, tanzia ya mtunzi Corneille, nayo ikapoa. Molière akasogea mbele, akaomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi alichokitunga mwenyewe. Mfalme alifurahi, kikundi kikapata ukumbi mjini.

Ungedhani hapo alielewa. Wapi! Mwaka 1661 aliandika Don Garcie de Navarre, mchezo mzito wa wivu, akajipa nafasi ya mwana wa mfalme. Ulichezwa mara saba ukaondolewa. Mwigizaji mmoja aliyemfahamu alieleza sura yake: pua kubwa, mdomo mpana, nyusi nene nyeusi alizozichezesha mpaka watu wakaangua kicheko. Mwana wa mfalme gani huyo? Lakini mpe mzee bahili, au mume mwenye wivu anayechezewa shere, uone uso ule unavyofanya kazi.

Hapa nataka usome polepole. Molière alikuwa na kikohozi kisichomtoka. Katika L'Avare, mchezo wa 1668, yeye ndiye Harpagon, bahili anayekohoa, na mwanamke mshenga anambembeleza kwamba hata kukohoa kwake kunapendeza. Mwenzao Louis Béjart alikuwa anachechemea, basi mtumishi aliyemwigiza naye akaandikwa kiguru, na bahili anamtukana kwa hilo. Kile ambacho kikundi kingine kingekificha, yeye alikiandikia maneno. Mtunzi ambaye hajasimama jukwaani asingewaza hivyo, nami naamini mtu anayeandika na kuigiza kama wewe anajua mambo ambayo wahakiki hawayajui.

Na dharau je? Tartuffe, mchezo wake uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mnafiki, ulikatazwa kuonyeshwa hadharani kuanzia 1664, ukaja kuruhusiwa 1669. Kitu kinachodharauliwa hakisumbuliwi miaka mitano.

Heshima ya watu wakubwa, lakini, ni jambo jingine, na sikudanganyi. Tarehe 17 Februari 1673, akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, mwili ulimkaza ghafla kwelikweli. Akafunika kwa kicheko cha kulazimisha, akamaliza onyesho, akafa usiku uleule nyumbani akiwa na miaka 51. Kanisa liliwanyima waigizaji mazishi ya Kikristo wasipoikana kazi yao, hivyo mjane wake alilazimika kumwendea mfalme ndipo akazikwa, tena usiku. Wewe huogopi kunyimwa kaburi, unaogopa maneno ya wenzako kwenye mazoezi.

Sikukatazi tanzia. Ijaribu, yeye pia aliijaribu, ila usiende huko kutafuta heshima.

Sasa mchezo ulionitumia. Mwenye nyumba ndiye mhusika wako bora, lakini kila akitania unamfanya aeleze utani wake. Futa maelezo yote. Barua ya mwishoni ni ndefu mno, na yule binti hana kazi yoyote, mtoe. Halafu ile sauti yako ya kukwaruza, unayoibana ukipanda jukwaani, mpe mwenye nyumba, umwigize mwenyewe. Ukishaandika upya nitumie.

Mama yako