Ile kofia juu ya Nyiragongo ni nini?

Swali: Jambo ndugu muhariri. Juzi asubuhi niko nje natwanga sombe, naangalia Nyiragongo naona wingu limekaa juu yake kama sahani iliyofunikwa, laini kabisa, upepo unapiga lakini haliondoki. Jirani anasema volkano inataka kulipuka. Ni kweli? Mama wa Majengo, Goma

Jibu: Mama, pole kwa hofu, na baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 nani hapa Goma hangeogopa? Lakini lile ni wingu tu. Upepo wenye unyevu ukifika kwenye mlima unalazimika kupanda, Nyiragongo ina mita 3470 hivi na mji wetu uko kama mita 1500, basi ile hewa ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone madogo, ndio wingu, halafu upande ule mwingine hewa inashuka, inapata joto, matone yanakauka. Kwa hiyo wingu linazaliwa huku na kufia kule kila sekunde, sisi tunaona limesimama kumbe hewa inapita ndani yake kama maji ya mto juu ya jiwe. Mi naona ni kitu kizuri sana!

Moshi wa volkano uko tofauti: unatoka kwenye kreta, unavutwa na upepo kwenda mbali, na usiku ukiona wekundu chini yake ni mwanga wa lava. Habari za kulipuka, mama, ngojea watu wa Observatoire, wale wanaochunguza volkano hapa Goma, si jirani.