Ukiona damu, usiache dawa kabla ya kupiga simu

Mara ya kwanza nilipopandikizwa kiinitete kilichogandishwa, yaani yai lililorutubishwa maabara na kuhifadhiwa kwenye baridi kali, dawa niliziacha mwenyewe. Ilikuwa siku ya tisa tangu kupandikizwa. Niliingia msalani alfajiri nikaona matone ya kahawia kwenye karatasi, nikakaa palepale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipotoka nilikusanya vidonge vyote, nikavitia kwenye mfuko na kuusukuma uvunguni mwa kitanda. Sikumpigia mtu simu. Siku tatu baadaye kipimo cha damu kikaonyesha hakuna mimba. Muuguzi akaniuliza niliacha projesteroni lini, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ile damu haikuwa majibu."

Huenda kiinitete kile hakikujishika tangu mwanzo. Vingi havijishiki hata pale kila kitu kinapofanywa sawasawa, kwa hiyo kama nawe uliwahi kuacha dawa, tafadhali usianze kujihukumu. Ninachokitaka ni uelewe jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa nimechelewa: dawa zile zinafanya kazi gani hasa.

Katika mzunguko wa kawaida yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki tezi ndogo ya muda. Tezi hiyo ndiyo inayotoa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuuandaa ukuta wake upokee kiinitete. Kuna wanawake wanaopandikizwa kwa kufuata mzunguko huo wao wenyewe. Mimi mzunguko wangu ulitengenezwa kwa dawa: vidonge vya estrojeni, homoni inayonenepesha ukuta wa mji wa mimba, tangu siku za mwanzo za hedhi, wiki mbili hivi, mpaka altrasaundi ikaonyesha ukuta umefika unene wa milimita 8. Hapo yai halitoki. Yai lisipotoka, tezi ile haipo. Maana yake projesteroni yote iliyomo mwilini ni ile unayoiweka wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka kondo la nyuma lipate nguvu ya kuitengeneza. Ndiyo maana kliniki nyingi huendelea na dawa hadi wiki ya 10 au ya 12 ya ujauzito. Kidonge kile kinashika zamu ya kiungo ambacho safari hii hakipo.

Kwa hiyo kabla hujaanza, muulize daktari wako: mzunguko wangu ni wa dawa au wa asili, na kwa nini? Kama hedhi yako inakuja kwa mpangilio, uliza kama wa asili unakufaa. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaobeba mimba kwa mzunguko wa dawa hupata zaidi tatizo la shinikizo la damu la ujauzito, na hilo ni la kuzungumza mapema.

Jambo la pili ni saa. Kiinitete cha siku 5 hupandikizwa baada ya takriban siku 5 za projesteroni, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba huwa tayari kwa muda mfupi tu. Ukiambiwa anza saa moja jioni, anza saa moja jioni. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Wanaweza kusogeza siku ya kupandikiza, lakini si kama hawajui.

Nilikuwa natumia vidonge vya ukeni vya miligramu 400, mara mbili kwa siku. Nawa mikono, weka, lala kama nusu saa, vaa pedi nyepesi. Baadaye utatokwa na uteute mweupe kama nta iliyoyeyuka. Nilihangaika nao sana nikidhani dawa yote imemwagika. Haijamwagika: kinachotoka ni mafuta yaliyoibeba, dawa yenyewe imeshanyonywa.

Safari ya pili walinipima projesteroni kwenye damu kabla ya kupandikiza, ikawa chini. Wakaongeza sindano ya projesteroni iliyo ndani ya mafuta. Mume wangu ndiye aliyefundishwa kunichoma. Usiku wa kwanza aliishika ile chupa ndogo kiganjani kwa dakika nzima ili mafuta yapate joto na yawe mepesi, akavuta kwa sindano nene, akabadilisha na nyembamba, kisha akasimama tu. Nikasikia anavyopumua. Nikamwambia, "Choma, nimeshaegemea mguu wa pili." Sehemu ni juu ya kitako, upande wa nje, na kila siku unabadilisha upande. Ukimaliza, kanda na uweke kitambaa cha moto, la sivyo panakuwa na uvimbe mgumu. Kama una mzio wa ufuta au karanga, waeleze mapema, kwani mafuta ya baadhi ya sindano hizo hutokana na mbegu hizo.

Kuhusu dalili, nisikufiche: projesteroni inaiga mimba. Matiti kuuma, tumbo kujaa, choo kigumu, usingizi wa mchana, vyote nilivipata safari zote mbili, ile iliyoshindikana na ile iliyoshika. Usijisome mwili. Damu kidogo nayo inaweza kutoka kwa sababu nyingi, hata vidonge vya ukeni vyenyewe huweza kukwaruza shingo ya kizazi. Endelea na dawa na upige simu. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikakata, usingoje simu, nenda hospitali. Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Safari ile ya pili damu ilikuja tena, wiki ya 6, nyekundu kuliko ile ya kwanza. Nilitetemeka, lakini kwanza nikaweka kidonge cha saa moja, ndipo nikapiga simu. Kwenye altrasaundi mchana ule kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, katikati yake kinapepesa.

Wiki ya 12 daktari aliponiambia niache dawa, nilimwomba aniandikie kwenye karatasi. Akaandika tarehe, akatia sahihi. Hata hivyo niliiweka kengele ya simu ya saa moja kwa wiki nzima zaidi, ikilia naizima, naweka mkono tumboni.