Mwanangu, imani yako haijapoa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Uliniandikia juzi usiku: "Mama, siku hizi nikisali sihisi kitu. Mkesha siendi, jumuiya ya Jumatano inanipita nikiwa kazini. Je, nimerudi nyuma?" Swali lako nimelibeba moyoni, na sikutaka kulijibu harakaharaka kwa simu.

Kwanza, unalala saa ngapi? Kimara unatoka saa kumi na moja alfajiri uwahi kufungua duka Kariakoo, na usiku unagombania basi la mwendokasi kituo cha Gerezani na umati wote ule. Soma 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ameshuhudia moto ukishuka mlima Karmeli, lakini muda si mrefu akaketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena. Ile sauti ndogo, ya utulivu, aliisikia baadaye, kule mlima Horebu. Basi usichukue uchovu wa mwili ukauita dhambi.

Ukishapumzika, shika Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Mwenye zaburi anaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau hata lini, na hakuona aibu kusema hivyo mbele zake. Unaweza kuisali umesimama ndani ya basi, macho wazi, na jirani yako asijue.

Lakini mimi nimeshikwa na jambo uliloligusia juujuu tu, la yule mteja. Alitaka umwandikie risiti ya fedha nyingi kuliko alizolipa, ili akadai tofauti ofisini kwake. Ukakataa, akakutukana, na bosi wako akanuna kwa kupoteza mteja. Halafu unaniuliza kama umerudi nyuma! Ulipoanza kazi ile ungemwandikia, kwa hofu tu ya kuonekana mgumu. Nakujua, nimekulea.

Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wamfuate jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao akawaambia wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Iko katika Luka sura ya 3. Toba yao ilitakiwa ionekane palepale kwenye fedha walizokuwa wanazishika kila siku, na wewe unashika fedha za watu kutwa nzima.

Hapa Dar tumezoea kupima ukuaji wa kiroho kwa sauti na machozi. Mikesha naipenda, na nimewahi kuombewa huko nikatuliwa mzigo mzito. Ila soma tunda la Roho katika Wagalatia 5:22 na 23: uaminifu umo, uvumilivu umo, kiasi kimo. Msisimko haumo. Msisimko ukija, tumshukuru Mungu. Usipokuja, sali vilevile.

Jambo moja tu sikuachii. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja, na ninaona unaanza kuzoea kuwa peke yako. Kama Jumatano haiwezekani, mwombe mzee wa kanisa akuelekeze kwenye jumuiya inayokutana Jumamosi au Jumapili baada ya ibada. Usingoje hamu ikurudie ndipo uende. Unahitaji watu wanaokujua kwa jina, watakaokuuliza habari ya kazini, maana mteja wa namna ile atakuja tena, na siku hiyo huenda bosi mwenyewe ndiye atakayekuambia uandike. Zungumza nao mapema, kabla hujabanwa.

Bosi wako endelea kumwamkia kila asubuhi kama kawaida, hata akiitikia kwa shingo upande. Niandikie jina lake nimtaje katika sala zangu za alfajiri. Yule mteja pia nitamwombea, hata kama jina lake hulijui.

Mama yako akupendaye